Kususia, kuketi, kusafiri au kuandamana: njia za amani zilizovunja ubaguzi Kusini mwa Marekani, na ipi inafaa wapi

Wengi wetu tukisikia habari za Wamarekani weusi na vita vyao dhidi ya ubaguzi wa rangi, picha inayotujia ni moja: umati barabarani, nyimbo za kanisani, mbwa wa polisi, na Martin Luther King mbele ya kipaza sauti. Picha hiyo ni ya kweli, ila inamficha msomaji jambo kubwa. Kati ya 1955 na 1965 watu wale walitumia njia nne zilizo mbalimbali kabisa: kususia huduma, kuketi mahali walipokatazwa, kupanda mabasi ya masafa marefu kwa makusudi ya kuvunja utengano, na kuandamana mjini mpaka jela zijae. Kila njia ilidai watu wa aina yake, pesa zake na muda wake, na kila moja ilikuwa na mahali pake pa kukwama.

Nazilinganisha hapa kwa ajili ya wenye haja ya kuchagua: viongozi wa wanafunzi, vikundi vya wapangaji, vyama vya wafanyakazi, waumini, yeyote mwenye wenzake na dhuluma iliyo wazi mbele yao, asiyetaka kumwaga damu ya mtu. Msimamo wangu nautanguliza. Swali la kwanza kujiuliza ni hili: anayetubagua anatutegemea kwa lipi? Akitegemea pesa yetu, kuna njia yake. Akitegemea ukimya wetu, kuna njia nyingine. Idadi ya watu, ujasiri na nyimbo vinakuja baadaye.

Hali yenyewe kwa ufupi. Tangu mwisho wa karne ya 19 majimbo ya Kusini yalikuwa na sheria zilizowatenga weusi na weupe shuleni, hospitalini, ndani ya mabasi, kwenye mabomba ya maji ya kunywa, hata makaburini. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizibariki sheria hizo kwa hoja kwamba watu wanaweza kutengwa na bado wakawa sawa. Mwaka 1954 mahakama hiyohiyo iligeuka, ikasema kuwatenga watoto shuleni ni kinyume cha katiba. Lakini hukumu iliyotoka Washington haikumfikia dereva wa basi kule Alabama, na raia wenyewe ndio waliolazimika kuifikisha.

Kususia: Montgomery

Montgomery, mji mkuu wa Alabama, ndio mfano ulionyooka kuliko yote. Karibu robo tatu ya abiria wa mabasi ya mji walikuwa weusi: wapishi, wafuaji, walezi wa watoto, vibarua. Walilipa nauli mlango wa mbele, wakashuka, wakapandia mlango wa nyuma. Viti 10 vya mbele havikukaliwa na mweusi hata vikiwa vitupu. Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa kumpisha mzungu kiti, akakamatwa. Miezi tisa kabla yake msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa jambo hilohilo, kwa hiyo hasira ilikwisha kuiva. Usiku ule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la wanawake weusi wa mji huo, alikesha kwenye mashine ya kurudufu pamoja na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili. Kulipokucha walikuwa na maelfu ya vipeperushi vyenye ujumbe mfupi: Jumatatu tusipande basi.

Jumatatu mabasi yalipita karibu matupu. Jioni watu walijaa katika kanisa la Holt Street, wakakubaliana kuendelea, wakaongozwa na mchungaji wa miaka 26, King. Waliendelea siku 381.

Hapo kwenye siku 381 ndipo pa kutulia, kwa sababu anayeitamani njia hii huona ushindi na kusahau usafiri. Wiki za kwanza madereva wa teksi weusi waliwatoza watu senti 10, sawa na nauli ya basi, mpaka wakuu wa mji walipokumbusha kwamba sheria inataka teksi isitoze chini ya senti 45. Ikabidi watu wajipange kwa magari yao wenyewe. Yalipatikana magari kama 300, yakapangiwa vituo vya kuchukulia na kushushia watu, kwa mtindo waliojifunza kutoka kwa weusi wa Baton Rouge, Louisiana, waliosusia mabasi yao mwaka 1953. Makanisa yalinunua magari makubwa ya kubebea abiria. Polisi wakawaandama madereva kwa faini za barabarani. King mwenyewe alikamatwa Januari 1956 kwa kuendesha maili 30 kwa saa mahali pa 25. Kampuni za bima zikafuta bima za magari ya makanisa, na ikabidi bima itafutwe mpaka London, kwa Lloyd's.

Pesa za mafuta na matairi zilitoka wapi? Nyingine zilitumwa kutoka nje ya mji, lakini nyingine zilitoka jikoni. Georgia Gilmore, mpishi na mkunga, aliwakusanya wanawake waliopika kuku, pai, keki na sandwichi, wakauza kwenye mikutano, kwenye saluni, majumbani, na kila wiki wakaleta mapato kwenye mkutano wa hadhara. Kikundi kiliitwa Klabu ya Kutoka Pasipojulikana, ili mwanamke anayefanya kazi kwa mzungu asijulikane kuwa anachangia na kufukuzwa. Gilmore alipotoa ushahidi mahakamani wa kumtetea King, kazi yake ya mgahawani ilikwisha, akageuza nyumba yake kuwa mahali pa kula. Ukitaka kujua kama kikundi chako kinaweza kususia kitu kwa mwaka mzima, usihesabu wanaopiga makofi mkutanoni. Tafuta kina Gilmore wako ni akina nani.

Tena kususia peke yake hakukuiangusha sheria. Fred Gray, wakili kijana mweusi, alifungua kesi Februari 1956 kwa niaba ya wanawake watano, Claudette Colvin akiwa mmoja wao, mmoja akajitoa wakabaki wanne, na tarehe 13 Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikathibitisha kuwa utengano ndani ya mabasi ya Montgomery ni kinyume cha katiba. Siku hiyohiyo mahakama ya jimbo ilikuwa inapiga marufuku ule mpango wa magari. Yaani bila kesi, huenda njaa ya usafiri ingewashinda. Na bila kususia, kesi ingekuwa ya watu wanne wasio na mji nyuma yao. Mguu mmoja ulikuwa barabarani, mwingine mahakamani.

Gharama zake hazikuishia kwenye soli za viatu. Nyumba ya King ililipuliwa kwa bomu Januari 1956, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, wakapona. Watu 89 walishitakiwa kwa sheria ya zamani ya 1921 ya kukataza ususiaji. Rosa Parks alipoteza kazi yake ya ushonaji na mwaka 1957 akahamia Detroit. Lakini angalia jambo hili: mfuaji nguo mwenye watoto wanne aliweza kushiriki kila siku bila kukamatwa hata mara moja. Alichotakiwa ni kutembea. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne iliyompa nafasi mtu mzima mwenye familia kwa namna hiyo.

Kuketi: Greensboro na Nashville

Kuketi ni kinyume chake karibu kwa kila hali. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha weusi huko Greensboro, North Carolina, yaani Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, waliingia duka la Woolworth. Kwanza walinunua vitu vidogo, dawa ya meno na vinginevyo, wakatunza risiti. Kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula wakaagiza kahawa. Walipoambiwa weusi hawahudumiwi hapo, wakaonyesha risiti: mbona pesa yetu mmeipokea hatua chache kutoka hapa? Wakakaa mpaka duka likafungwa. Kesho yake walikuja zaidi ya 20, na kabla wiki haijaisha walikuwa mamia. Tarehe 25 Julai kaunta ile ikafunguliwa kwa wote, na wa kwanza kuhudumiwa walikuwa wafanyakazi weusi wa duka lenyewe.

Risiti ile naiona kuwa hoja kali kuliko hotuba nyingi. Inaonyesha kwa karatasi moja kwamba duka linategemea mteja mweusi na linamdharau kwa wakati mmoja.

Lakini anayetaka kujifunza kuketi asome Nashville, Tennessee, kabla ya Greensboro. Kule kulikuwa na James Lawson, mwanafunzi wa theolojia aliyewahi kuishi India na kuzisoma mbinu za Gandhi. Katika miezi ya mwisho ya 1959 aliendesha mafunzo kanisani kila wiki. Wanafunzi waligawana nafasi: baadhi waliigiza wazungu wenye chuki, wakawatukana wenzao, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, wakawavuta kutoka vitini. Wengine walijifunza kutorudisha, kukinga kichwa waangukapo, kumtazama anayewapiga machoni, kumfunika mwenzao aliyezidiwa. Kutoka katika mafunzo hayo walitokea Diane Nash, John Lewis, Bernard Lafayette na James Bevel, majina yanayorudi kila mahali katika miaka mitano iliyofuata. Kabla ya kuanza rasmi walikwenda madukani kujaribu tu, kuomba kuhudumiwa na kuondoka, ili wajue kila meneja ana tabia gani.

Walianza tarehe 13 Februari 1960. Walipewa kanuni za kubeba mfukoni: usirudishe pigo wala tusi, usicheke kwa sauti, keti wima uikabili kaunta, usizibe mlango wala njia ya wateja. Tarehe 27 vijana weupe waliwashambulia, wengine wakazimiwa sigara mwilini. Polisi wakawakamata walioketi, zaidi ya 80, wakawaacha walioshambulia. Kundi moja lilipotolewa, jingine likaja kukalia viti vilevile. Mahakamani wengi walikataa kulipa faini, wakachagua jela, kwa sababu waliona kulipa faini ni kuichangia sheria inayowatesa.

Na hapa ndipo Nashville ilipoizidi Greensboro: wazazi walijiunga kwa kususia. Pasaka ilikuwa inakaribia, msimu ambao kila familia ya mji ilinunua nguo mpya na viatu. Weusi waliacha kununua katikati ya mji, na weupe wengi waliogopa kwenda huko. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili nyumba ya wakili wao, Z. Alexander Looby, ililipuliwa kwa baruti. Yeye na mkewe waliponea chupuchupu. Siku hiyohiyo maelfu walitembea kimya hadi ofisi ya meya. Diane Nash, mwenye miaka 21, akamuuliza meya Ben West mbele ya watu kama yeye, kama mtu, anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya akakiri kwamba si haki. Tarehe 10 Mei maduka sita yakafungua kaunta zake. Kutoka mwanzo hadi hapo haikutimia hata miezi mitatu.

Njia hii ilienea upesi kuliko zote. Hata miaka mitatu baadaye bado ilitumika, na Waafrika Mashariki tuna kipande chetu humo: Desemba 1963 Oginga Odinga wa Kenya alipozuru Atlanta, wanafunzi wa SNCC, kamati ya vijana iliyoratibu harakati hizi za amani, walikwenda hotelini kumwamkia, kisha wakaingia mgahawa wa jirani, Toddle House. Waliponyimwa huduma waliketi palepale, wakakamatwa.

Kususia na kuketi, bega kwa bega

Kususia kunataka karibu kila mtu ashiriki kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kuketi kunataka wachache washiriki kwa kila walicho nacho kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo kususia ni njia ya watu wazima, na kuketi ni njia ya vijana wasio na mkopo wa nyumba wala mwajiri wa kuwafukuza, ingawa chuo kinaweza kuwafukuza: Lawson alitimuliwa chuoni Vanderbilt katikati ya harakati.

Kususia kunakufa watu wanapoanza kurudi mmoja mmoja bila kuonekana. Kuketi kunakufa mtu mmoja anaporudisha ngumi mbele ya kamera. Ndiyo maana Montgomery walihitaji mikutano ya kanisani kila wiki ili watu waonane na kutiana moyo, na Nashville walihitaji miezi ya mazoezi kabla ya kumpeleka mtu hata mmoja kwenye kiti.

Tena kususia kunawezekana tu mahali ambapo mteja ni wewe. Pale ambapo dhuluma iko kwenye huduma usiyoinunua, au ambapo ninyi ni asilimia tano ya wateja, mtajinyima bure. Kuketi kuna nguvu hata mkiwa wachache, kwa sababu kiti kilichokaliwa hakiuzi chakula.

Kusafiri: pale sheria ipo lakini hailindwi

Safari za Uhuru za 1961 zilitokana na hali ya pekee. Mahakama ya Juu ilikwisha kukataza utengano katika mabasi yanayovuka majimbo, mwaka 1946, na Desemba 1960 ikaongeza migahawa na vyumba vya kusubiria vituoni. Kusini hakuna aliyejali. Kwa hiyo tarehe 4 Mei 1961 watu 13 wa CORE, chama cha kupigania usawa wa rangi kilichoongozwa na James Farmer, weusi 7 na weupe 6, walipanda mabasi Washington kuelekea New Orleans. Hawakudai sheria mpya. Walidai iliyopo ifanye kazi.

Tarehe 14 Mei basi moja lilichomwa moto karibu na Anniston, Alabama, na abiria wakapigwa walipojitupa nje. Basi la pili lilipofika Birmingham, kundi la wenye chuki lilikuwa linawasubiri kituoni, na polisi hawakuonekana. CORE wakaona wasitishe. Diane Nash kule Nashville akakataa, kwa hoja ambayo kila kiongozi anapaswa kuifikiria: vurugu zikishinda mara hii, kila harakati ya amani itakayofuata itapokewa kwa vurugu. Mwakilishi wa serikali alipomwonya kwa simu kwamba vijana wake watauawa, akamjibu kwamba walikwisha kuandika wosia usiku uliotangulia. Waziri wa sheria Robert Kennedy aliomba mambo yapoe kwanza. Farmer akajibu kwamba weusi wamekuwa wakipoa kwa miaka 350.

Safari zikaendelea mpaka Jackson, Mississippi, ambako zaidi ya watu 300 walikamatwa katika kiangazi kile, wengi wakapelekwa gereza la Parchman. Walipoimba, walinyang'anywa magodoro. Waliendelea kuimba. Septemba tume ya serikali inayosimamia usafiri kati ya majimbo ilitoa amri, na kuanzia tarehe 1 Novemba 1961 mabango ya utengano yakaanza kuondolewa vituoni.

Faida ya njia hii ni kwamba inahitaji watu wachache mno: 13 waliitikisa serikali kuu. Hasara yake ni kwamba inawaweka wachache hao mikononi mwa wauaji, mbali na kwao, bila jamii ya kuwazunguka. Nisingeishauri kwa kikundi kisicho na mambo matatu: hukumu au sheria iliyoandikwa inayowaunga mkono, waandishi wa habari wanaofuatana nao, na kundi la pili lililo tayari kuchukua nafasi ya la kwanza. La tatu ndilo lililookoa Safari za Uhuru. Basi la Anniston lilikwisha ungua. Kilichobaki ni simu ya Nash na vijana waliokuwa wamefunzwa mwaka mzima kabla yake.

Kuandamana: Albany iliyoshindwa, Birmingham iliyoshinda

Maandamano ya mjini ndiyo kila mtu huyafikiria kwanza, nami naona ndiyo yafikiriwe mwisho. Ushahidi wangu ni Albany, Georgia. Kuanzia mwishoni mwa 1961 hadi katikati ya 1962 weusi wa Albany waliandamana kwa mamia, wakaimba kwa sauti ambazo bado zinasifiwa, King akaja, akakamatwa zaidi ya mara moja. Walidai yote kwa pamoja: mabasi, maktaba, bustani, migahawa, kura. Mkuu wa polisi, Laurie Pritchett, alikuwa amejisomea mbinu zao. Aliwaamuru askari wasimpige mtu mbele ya kamera, akapanga mapema kuwatawanya wafungwa katika jela za wilaya za jirani ili yake isijae. Waandamanaji waliisha kabla ya nafasi za jela kuisha, na King akaondoka mikono mitupu. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba walikosea kuushambulia ubaguzi wote kwa ujumla badala ya kuchagua sehemu yake moja.

Birmingham mwaka uliofuata walilichukua funzo hilo hadi kwenye vipimo. Wyatt Tee Walker, mtendaji mkuu wa shirika la King, alikwenda katikati ya mji akahesabu viti vya kaunta za chakula, akapima ni dakika ngapi mtu anatumia kutembea kutoka kanisa la mtaa wa 16, kijana muda wake na mzee muda wake. Lengo likawa wafanyabiashara wa katikati ya mji, tena wakati wa Pasaka, kama Nashville. Na walijua kamishna wa usalama, Bull Connor, hana subira ya Pritchett.

Walianza tarehe 3 Aprili 1963, wakakwama. Watu wazima waliokuwa tayari kwenda jela na kupoteza kazi hawakutosha. King alikamatwa Ijumaa Kuu, na hata hilo halikutosha. Ndipo James Bevel alipopendekeza watoto wa shule, na tarehe 2 Mei walitoka kanisani kwa makundi, wengine wa miaka ya shule ya msingi. Zaidi ya 900 walikamatwa. Kesho yake Connor alifungulia mabomba ya zimamoto na mbwa, na picha zikazunguka dunia. Tarehe 10 Mei yakapatikana makubaliano: kaunta, vyoo na vyumba vya kujaribia nguo vifunguliwe, weusi waajiriwe kama wauzaji, wafungwa waachiwe. Mwezi uliofuata Rais Kennedy alitangaza muswada uliokuja kuwa Sheria ya Haki za Raia ya tarehe 2 Julai 1964.

Ushindi mkubwa, na bei yake siwezi kuipita haraka. Wanafunzi zaidi ya 1,000 walisimamishwa au kufukuzwa shule, mpaka mahakama ya rufaa ikabatilisha. Septemba 15 kanisa lilelile la mtaa wa 16 lililipuliwa Jumapili asubuhi, wakafa wasichana wanne, watatu wa miaka 14 na mmoja wa 11. Kuna waliomlaumu King tangu siku ya kwanza kwa kuwatumia watoto, na kuna wazazi wa Birmingham waliosema watoto walijua wanachokifanya na walikwishaumizwa na ubaguzi tangu kuzaliwa. Nawaheshimu wazazi hao. Bado nasema: kikundi ambacho mpango wake unategemea watoto kupigwa hakijamaliza kupanga.

Selma, Alabama, mwaka 1965 ilirudia hesabu hiyo kwa ajili ya haki ya kupiga kura: watu kama 600 darajani tarehe 7 Machi, marungu na mabomu ya machozi, John Lewis akavunjwa fuvu, na tarehe 6 Agosti sheria ya kura ikatiwa saini. Katika miji yote miwili maandamano yalifanya kazi kwa sababu mpinzani alikuwa mkali hadharani na kulikuwa na serikali ya juu yake iliyoona aibu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, unapata Albany.

Kwa hiyo mchague ipi?

Kama ninyi ndio wateja wakuu wa anayewadhulumu, na mna mahali pa kukutana kila wiki, anzeni na kususia, na siku ya kwanza mtafute wakili. Msianze kabla ya kujibu swali la usafiri, chakula au chochote mnachokiacha.

Kama mna vijana 50 walio tayari na mji wenye maduka yanayoogopa hasara, kuketi ndiyo njia yenu, kwa sharti la mafunzo ya miezi kadhaa. Na ningelazimishwa kuchagua kampeni moja ya kuigwa kati ya zote nilizozitaja, ningechagua Nashville bila kusita, kwa kuwa iliunganisha viti vya vijana na pochi za wazazi, na kila mmoja akatoa alichoweza.

Kama sheria imekwisha kuwapa haki na wakubwa wa mahali penu wanaificha, safari ya wachache inaweza kuifichua, ila rudini kwenye yale masharti matatu.

Maandamano yawe ya mwisho, yawe na dai moja linaloweza kujibiwa na mtu mnayemjua kwa jina, na mjiulize kwanza mpinzani wenu ni Connor au ni Pritchett.

Njia yoyote mtakayoshika, pangeni pia siku ya kwanza baada ya kushinda. Montgomery, kabla watu hawajarudi kwenye mabasi tarehe 21 Desemba 1956, waligawa karatasi ya maelekezo: usijisifu, keti kwa utulivu, usikae kando ya mzungu kama kuna kiti kingine, ukitukanwa usijibu, umwonapo mwenzako anasumbuliwa usiinuke kumpigania bali mwombee anayemsumbua. Nashville waliafikiana na wenye maduka kwamba wateja weusi wa kwanza wafike wawili wawili na watatu watatu, mchana, bila shamrashamra. Kule Montgomery baadhi ya mabasi yalipigwa risasi na makanisa yakalipuliwa Januari iliyofuata, na abiria walishikilia maelekezo yale. Kule Nashville watu waliagiza chakula, wakala, wakalipa, na kesho yake wengine wakaja.